Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Kengele ya mkanda ililia Bhoke alipokaribia Awendo. Alijigusa kifuani, mkanda wake ulikuwa umefungwa. Akatazama dashibodi. Taa nyekundu ilionyesha kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kana kwamba mtu ameketi pale bila kujifunga.

Ndani ya gari alikuwa peke yake.

Kazi ya Bhoke ilikuwa kukagua magari. Mtu wa Migori au Homa Bay akitaka kununua gari, alimwita yeye kwanza, naye alilala chini kuchungulia chasisi, akaliendesha, kisha akaweka video mtandaoni na kutoa hukumu yake. Watu walimwamini kuliko walivyowaamini wauzaji. Gari la siku ile lilikuwa haibridi nyeupe, ya betri na petroli, iliyotoka Japani, na mteja alikuwa Jerusha, muuza vifaranga na chakula cha kuku huko Ndhiwa, mwanamke ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Bhoke alisimamisha gari kando ya shamba la miwa, akafungua mlango wa nyuma na kuweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto, tena kimelowa, kimebonyea kama kiti ambacho mtu mnene ameinuka juu yake sasa hivi. Harufu ya tope la ziwani ikampanda puani.

"Ni waya tu imeshikana chini ya kiti, madam," Maxwell, mwenye yadi ya kuuzia magari, alimwambia aliporudi Migori. "Gari ni safi kabisa. Wacha wasiwasi."

Bhoke alikuwa Msabato, amelelewa kucheka habari za majini. Angesema nini mbele ya kamera? Kwamba kiti kimekaliwa na mtu asiyeonekana? Alikikata kile kipande cha video chenye kengele, akasifu betri, akasifu ulaji mdogo wa mafuta, na zaidi ya yote akasifu ukimya. "Likienda kwa betri hata pumzi yako utaisikia," alisema. "Jerusha, dadangu, nunua bila wasiwasi."

Jerusha akanunua.

Siku ya nne, saa sita mchana, simu ikalia. Jerusha alikuwa akinong'ona.

"Bhoke, uko peke yako?"

"Niko. Kuna nini?"

"Mhudumu wa petroli ameniuliza mbona huyo mama wa nyuma amelowa hivyo na mvua haijanyesha."

"Amekutania tu."

"Hata mimi nilisema hivyo. Lakini nikitoka hapo nimesikia mtu akikohoa. Sasa niko nje, kando ya barabara. Gari nimelizima, na funguo ninazo mkononi. Hiyo kengele bado inalia."

Bhoke aliisikia kwenye simu.

Alipokata simu, alitafuta video nzima, ile ambayo haikukatwa, akavaa visikizi na kukaa mlangoni penye jua kali. Alijisikia akisifu betri, akajisikia akisifu mafuta, na katikati ya maneno yake, pale aliponyamaza kuvuta hewa, mtu mwingine naye alikuwa akivuta hewa, polepole, kama anayepumua kupitia kitambaa chenye maji, na alipofika kwenye yale maneno ya mwisho, sauti nzito ya kike iliyarudia nyuma yake, ikimwigiza bila haraka: bila wasiwasi.

Alivua visikizi, akapanda gari la kwanza la kwenda Ndhiwa.

Jerusha hakumpa mkono. Gari lilikuwa limevutwa mpaka katikati ya uwanja wa boma lake, na kando yake alisimama mama mkwe wake, Dani Peres, ambaye watu walimwita kutoka mbali awatoe wagonjwa juogi, pepo wanaopanda mtu. Jua lilikuwa linazama. Dani alikuwa ameshafungua milango yote minne.

"Nani alikiona hiki kitu kwanza?" Dani aliuliza.

Bhoke akatazama viatu vyake.

"Ni mimi," akasema. "Nilikiona kabla hajanunua. Nikaficha."

"Mimi nilikuamini wewe, Bhoke," Jerusha alisema kwa sauti ya chini. "Si huyo Maxwell. Wewe."

"Kitu kilichofichwa hakitoki," Dani akasema. "Aliyekificha ndiye akitaje. Ingia."

Bhoke akaketi kwenye usukani, na katika ukimya ule alioumwagia sifa mwenyewe akasikia nyuma ya sikio lake pumzi ikiingia, ikitoka, ikiingia tena, kila mara karibu zaidi, mpaka nywele za kisogoni zikalowa na harufu ya tope ikajaa kinywani mwake kama chakula, naye akajua kwamba akigeuza shingo hata kidogo ataona kile ambacho mhudumu wa petroli alikiona.

Hakugeuka.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuona siku ya kwanza nikadanganya watu. Shuka."

Pumzi ikakatika. Nyuma ya gari ikainuka polepole, kama linavyoinuka gari lililoshushwa mzigo. Kwenye vumbi la uwanja nyayo pana za maji zikatokea moja baada ya nyingine, zikielekea langoni.

"Pigeni!" Dani akapaza sauti.

Wakapiga masufuria, madebe, mabati, jinsi watu wa huko wanavyowafukuza nyawawa, pepo wa ziwani: boma moja likipiga, la pili linapokea, mpaka wamerudishwa majini. Jirani akapokea. Wa ng'ambo ya kijito akapokea. Kelele ikaenda ikipungua, boma kwa boma, upande wa ziwa. Jerusha alimshika Bhoke mkono, akalia.

Kisha kelele ikakatika.

"Amefika?" Bhoke akanong'ona.

"Ziwa ni mbali," Dani akasema. Mwiko wake ulikuwa bado hewani.

Wakasikiliza. Muda ukapita, mrefu. Halafu bati likalia huko mbali. Likafuata la karibu kidogo. Likafuata la karibu zaidi. Wa ng'ambo ya kijito akapiga kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, mbwa wake akilia kama anayechapwa.

"Anarudi," Dani akasema. "Fungeni gari asiingie tena!"

Bhoke na Jerusha wakaikimbilia milango. Mitatu ilifungika. Wa nyuma, upande wa kushoto, ulikataa.