Vifungo Kumi vya Mshahara wa Muuguzi

Cherehani ilianza kulia mapema siku hiyo. Mshonaji alikuwa na sare za shule za kumaliza kabla ya saa sita, na mgongo ulimuuma. Hata hivyo alikuwa akiimba.

Juu ya rafu, chini ya vitambaa, kulikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilitoka chuo cha binafsi. Binti yake alikuwa amekubaliwa kusoma shahada ya uuguzi, miaka minne. Ya pili ilitoka kwa wakopeshaji. Wangelipa ada yote, mradi mama aweke rehani hati ya nyumba. Kesho yake saa nne alitakiwa kwenda kusaini.

Mtaa mzima ulijua habari ya shahada, maana yeye mwenyewe aliitangaza. Siku ya ibada alisimama mbele ya waumini akasema, "Mwanangu anakwenda kuchukua shahada, si hizi kozi fupifupi!" Watu wakapiga makofi. Tangu hapo alitembea kifua mbele.

"Hodi, fundi."

Alikuwa jirani yake, muuguzi wa hospitali. Watu walizoea kumwita Sista. Mkononi alishika sare yake nyeupe, imechanika kwapani.

"Karibu, Sista. Kiraka tena?" Mshonaji aliinua ile sare juu ili wateja wawili waliokaa kwenye benchi waione. "Hii ni mara ya nne! Mtu ana shahada, ana mshahara, lakini mkono wa birika! Nunua mpya, dada. Pesa huendi nazo kaburini."

Wateja wakaangua kicheko. Sista alitabasamu kidogo bila kuinua macho.

"Shona tu, fundi. Nitangoja."

Wateja walipoondoka, binti aliingia na chai.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia utakuwa mwenzetu."

Binti alitazama sakafu. "Anti, mkopo wa masomo unalipwa kwa muda gani?"

"Unalipwa upesi!" mama akadakia. "Yule bwana wa mkopo alitupigia hesabu. Mshahara wa mwaka mmoja tu unamaliza deni lote."

"Mwaka mmoja?" Sista akauliza. "Na huo mwaka mzima atakula hewa?"

Hilo mshonaji hakuwa amelifikiria. Alimpa Sista barua ya wakopeshaji. Sista aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Fundi, hapa wameandika kwamba riba inaanza siku wanapotoa fedha. Hawasubiri aajiriwe. Atakuwa darasani miaka minne, riba inakua. Mimi nilipomaliza chuo nilikaa mwaka na miezi miwili bila kazi. Deni halikunisubiri."

"Kwani wewe ulikopa?"

Sista aliikunja barua. "Unaniita mkono wa birika. Huu ni mwaka wa saba nalipa mkopo wa shahada. Nikinunua sare mpya, mwezi huo kuna kitu kitakosekana nyumbani."

Mguu wa mshonaji uliganda juu ya kikanyagio. Miaka yote hiyo alikuwa akimcheka mtu anayebeba mzigo, tena mbele za watu.

"Nisamehe, dada."

"Yameshapita. Hebu nipe vifungo."

Mshonaji alimsogezea kopo. Sista akapanga vifungo kumi mezani.

"Huu ni mshahara wa shahada, kama ulivyoandikwa kwenye barua ya kazi. Lakini wote haufiki mkononi. Kodi, pensheni na bima vinatangulia." Akatoa viwili. "Mkopo kama wenu unakula vitatu kila mwezi. Vimebaki vingapi?"

"Vitano," binti akajibu.

"Toa viwili vya pango la chumba. Toa viwili vya chakula na nauli."

Kikabaki kifungo kimoja. Walikitazama wote watatu.

"Hicho ndicho cha nguo, cha ugonjwa, cha sadaka, na cha mama yako," Sista akasema. "Akikosa kulipa miezi michache, wakopeshaji watakuja hapa. Nyumba ni yako, fundi, si yake. Je, mwanangu, hakuna chuo kingine kilichokukubali?"

Binti alisita. Kisha akavuta karatasi iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa barua ya chuo cha serikali, stashahada ya uuguzi, miaka mitatu. Nyuma yake mama alikuwa ameandika vipimo vya kiuno na mabega ya mteja.

"Mama yangu!" Sista akacheka. "Nafasi ya chuo umeifanya daftari la vipimo?"

Mshonaji hakuweza kucheka. Binti aliinamisha kichwa.

"Mama, mimi nilitaka hii. Niliogopa kukwambia. Ulishawatangazia watu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano. Kumbe majivuno yake yalimfunga mtoto mdomo.

Sista akahesabu upya. Mwenye stashahada angeanza na vifungo vinane. Makato yalichukua viwili. Ada ya chuo hiki ilikuwa ndogo. Wangeilipa kwa awamu kutokana na ushonaji, bila mkopo. Mkononi vilibaki sita.

"Sita na vitano, vipi vingi?" akauliza. "Tena ataanza kazi mwaka mmoja mapema. Shahada si mbaya. Ina mshahara mkubwa na inafungua milango. Ningepata ya ada ndogo, ningeichukua hata leo. Lakini kabla hujakopa, uliza kitakachobaki mkononi, uliza riba inaanza lini, na uliza kama kazi ipo."

Kesho yake saa nne, mshonaji alikwenda kwa wakopeshaji. Aliirudisha fomu bila sahihi.

Kazi ngumu ilikuwa siku ya ibada. Alisimama tena mbele ya waumini.

"Nilijisifu hapa," alisema. "Nilitaka niitwe mama wa shahada, nusura niweke nyumba rehani kwa mkopo, mpaka niliposomewa masharti yake. Mwanangu anakwenda kusoma stashahada. Na kozi hizo nilizidharau bila kuzijua. Naomba mnisamehe."

Nyuma mtu alicheka. Mshonaji alikaa, shingo imezama mabegani. Ibada ilipokwisha, baba mmoja fundi seremala alimfuata mlangoni, sauti chini.

"Dada, nami nina fomu ya mkopo nyumbani. Nani alikusomea?"

Binti alimaliza miaka mitatu, akasubiri miezi saba, akapata kazi. Alipotimiza miaka miwili kazini, hospitali ilikubali kumlipia nusu ya ada ya shahada. Nusu nyingine alikuwa ameiweka akiba mwenyewe. Siku alipoleta habari hiyo, mama hakukimbilia barabarani kutangaza. Alifunga mlango wa kiwanda chake kidogo, akapiga magoti kati ya vipande vya nguo.

"Ee Mungu," alisema, "asante kwa kuniaibisha mapema."