Nani Alikuwa Nyuma ya Kamera?

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama ninayekaribia miaka sabini. Nalima migomba na maharage hapa Mugoma, Ngara, na naishi peke yangu. Nawasimulia haya bila machozi. Machozi yaliisha zamani... sijui hata yaliisha lini.

Niliolewa Nyabusozi, kijiji cha ujamaa kule Biharamulo. Mume wangu, Baba Stela, alikuwa mpole na mchapakazi. Binti yetu Stela alikuwa bado mdogo vita vya nduli aliyevamia nchi yetu vilipoanza. Wanamgambo wakaitwa, naye akaenda. Nikabaki na mtoto na mama mkwe.

Siku moja tukasikia kijana wa kijijini, aliyekuwa amekuja kutibiwa, anarudi mstari wa mbele. Mama mkwe akasema tumpe picha yangu ampelekee mwanawe, apate moyo. Lakini kwao, mke ambaye mumewe yuko vitani hachekeani na mwanaume. Akaniapia: "Hakuna mwanaume atakayekukodolea macho kwenye kioo cha kamera wakati mwanangu yuko kwenye risasi!"

Tukaenda Lusahunga kwa mzee mpiga picha. Mama mkwe akamwambia asinitazame wakati wa kupiga, wala hakukasirika. Alikuwa na mpira mwembamba, mrefu, uliounganishwa na kamera, na mwisho wake una kibofu cha kuminya. Ukikiminya, kamera inafyatuka yenyewe! Akapanga kamera na taa, akanipa kile kibofu, akatoka nje. Mama mkwe akakaa mlangoni kumlinda.

Nikabaki peke yangu chumbani. Mpira nikaufunika kwa kanga, maana niliona utaniharibia picha. Nikamfikiria mume wangu, nikacheka... nikaminya. Taa ikawaka pwaa!

Jamani, mpira ule ndio ungekuwa shahidi wangu!

Picha ilimfikia. Kumbe huko kwenye handaki wenzake waliizungusha mkono kwa mkono, wakimtania: "Shemeji anamchekea nani hivi?" Kwao ulikuwa utani. Yeye hakulala tena.

Kabla vita havijaisha, mama mkwe akashikwa na homa, akafariki. Nilimzika mtu pekee wa nyumba ile aliyejua ukweli, na wakati ule sikujua kama nitamhitaji.

Baba Stela akarudi mzima. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Tulipoingia ndani hakuketi. Akatoa picha mfukoni. "Nani alikuwa nyuma ya kamera?"

Nikamweleza habari ya mpira, kibofu, mama yake mlangoni. Akaguna. "Kamera ijipige yenyewe? Na shahidi wako ni marehemu!"

Nikapiga magoti. Nikamwomba twende Lusahunga auone mpira kwa macho yake. Kwa baiskeli unaenda na kurudi siku hiyo hiyo! Akakataa. Alisema hawezi kwenda kuchekwa mara ya pili na mwanaume aliyemchezea mke.

Asubuhi akanirudisha kwa wazazi wangu, hapa Mugoma. Stela alining'ang'ania kanga, shangazi yake akambandua vidole. Sikulia. Nilitazama tu, kama vile ni mtoto wa mtu mwingine. Ng'ombe wa mahari wakarudishwa. Mwanamke mwingine akaingia nyumbani kwangu.

Miaka ikapita. Stela alipopata kipaimara, baba yake akampeleka Lusahunga wapige picha pamoja. Yule mzee alikuwa ameshazeeka, mikono inamtetemeka. Akampa Stela kibofu aminye mwenyewe.

Wiki iliyofuata wakaja Mugoma. Baba Stela akapiga magoti uani. "Mama Stela, nimeuona ule mpira. Nisamehe."

Nikamsamehe. Nikangoja nisikie kitu moyoni, hasira au furaha, chochote... wapi! Nikawaambia karibuni chai.

Stela alikuwa amerefuka, ananitazama kwa adabu. Baba yake akamwambia, "Msalimie mama." Mtoto akageuka kutazama barabarani... alidhani mama yake, yule aliyeingia nyumbani kwangu, amewafuata.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga, lakini ukishajibiwa, nenda ukaone! Usione aibu kuchekwa. Baiskeli ilikuwepo, njia ilikuwepo. Nawasihi, nendeni mkaone kwanza kabla hamjamtoa mama wa watu nyumbani kwake. Mume anaweza kuja kuomba radhi. Lakini mtoto aliyekwisha kukusahau, nani atamrudisha?