Ndoo, Kipenzi

Maji yalikuwa yametoka baada ya kukatika kutwa nzima, na pale bombani watu walisukumana kama wendawazimu. Msichana mmoja, fundi cherehani, gauni la kijani limembana kiunoni na sindano ya kazini bado imechomekwa kolani, aligeuka akamwita kijana aliyezubaa nyuma yake.

"Kaka, ndoo! Zamu yako hii."

Kijana, kinyozi wa mtaa wa pili, akamkabidhi ndoo yake. Fundi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nimekwambia uje! Kwetu 'njoo' ni 'ndoo'. Njaa ni ndaa, njia ni ndia."

"Na kucheka?"

"Kuteka."

"Basi dada, umeshaniteka."

Ndivyo walivyoanza, na simu zao zikawa ndefu kuliko foleni ile. Kinyozi hakuchoka kumbembeleza aseme kikwao.

"Ni Kiswahili hiki hiki, mpenzi, ila tunakitamka vingine," alisema fundi. "Tena wenyewe wamekwisha. Bibi kafa, mama kafa. Nimebaki peke yangu."

Mchana mmoja, wakiongea kwenye simu, kinyozi alisikia sauti nzito upande wa pili, karibu kabisa na sikio la mchumba wake.

"Ndoo, kipenzi changu."

"Nani huyo?"

Fundi akaanza kuzungumzia gauni la mteja.

"Si ulisema umebaki peke yako?"

"Nitakueleza, mpenzi. Si kwenye simu."

"Unieleze nini? Kaa na bwana wako!"

Akakata. Wivu, jamani! Ulimfanya asikie mwanamume mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Fundi alimfuata hadi kazini, amekonda, macho mekundu. Mteja akaachwa na kichwa nusu.

"Ni bibi," alisema. "Tangu tumzike anatuita. Mama aliitika mara moja tu, 'abee'. Siku hiyo hiyo tukamzika. Mimi siitiki, ila nachoka, mpenzi. Naipenda sauti ile. Nani mwingine ataniita kwa maneno ya kwetu?"

Kinyozi alimpenda kuliko alivyoogopa. Akamsindikiza mpaka chumbani kwake, akaketi karibu na cherehani, akamshika mikono.

"Nikuoe. Unifundishe maneno yote, niwe nakuita mimi."

"Utakosea."

"Nikikosea, utateka."

Akacheka huku analia. "Nioe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba chumba kile kikawa na joto la watu.

Ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya pazia. Safari hii ilikwenda polepole, kama mtu anayejaribu neno lisilo lake mdomoni.

"N... njoo, mkwe wangu."

Fundi aliruka amzibe mchumba wake mdomo. Lakini kinyozi alikuwa amelelewa vizuri. Mtu mzima akimwita, hakungoja kuitwa mara ya pili.

"Naam, bibi," alikuwa ameshaitika.