Kengele Ambayo Haikuachiwa

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba kidogo chenye feni inayozunguka kivivu. Dirisha lake linatazama ua wa hospitali. Mezani kuna kompyuta mbili na kikombe cha chai kilichokwisha kuota utando. Ni mchana kweupe. Nje watu wanapita wakicheka, na hakuna hata kitu kimoja cha kuogopesha.

Ndani ya chumba hicho ameketi mwanamke ambaye hospitali nzima humwita Dada Seva, kwa kuwa seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, ikiugua, yeye ndiye daktari wake. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yaliyompata siku hiyo nimeyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, na kila akiyasimulia hushusha sauti.

Pale hospitalini kila kitanda kilikuwa na kengele. Mgonjwa akiibonyeza, ilibaki imebonyea hadi muuguzi afike na kuiachia kwa mkono wake. Habari iliingia kwenye seva, seva ikatuma ujumbe kwenye simu ya muuguzi wa zamu, na kila hatua ikaandikwa katika faili la kumbukumbu. Kengele imebonyezwa. Ujumbe unatumwa. Ujumbe umefika, au haukufika. Muuguzi amefika. Kengele imeachiwa. Utaratibu mzuri, kama darasa lenye mwalimu wake.

Wiki hiyo bibi mmoja wa kitanda cha dirishani alifariki mchana, peke yake, kidole kikiwa juu ya kengele. Muuguzi wa zamu alikuwa mdogo wake Dada Seva, wa tumbo moja.

"Dada, haki ya Mungu simu haikulia," alisema huku akilia. "Bibi yule alikuwa akiniita mwanangu. Ningemwachaje?"

Kamati ya nidhamu ikafungua kumbukumbu. Ikakuta: *Kengele imebonyezwa. Ujumbe unatumwa.* Baada ya hapo, kimya. Hapakuwa na "umefika" wala "haukufika". Kamati ikasema, basi ujumbe ulitumwa na msichana akaupuuza. Saa nane mchana wa siku ninayoisimulia ingeketi kumfukuza kazi na kumkabidhi polisi.

Dada Seva alikuwa hajalala vizuri wala hajala kitu. Aliujua ukimya ule. Mistari ilikuwa ikipotea, leo huu, kesho ule, na hakuna aliyejali hadi mistari ya mdogo wake ilipopotea.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni mkuu wa idara, aliyebatizwa jina la Zima-Washa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa, hata feni ikikwama.

"Bado unachokonoa tu?"

"Mkuu, kuna mistari imepotea. Nipe muda."

"Muda wa nini? Zima, washa. Kamati wanataka mfumo safi wakiingia. Usipozima wewe, nitakuja kuzima mimi."

"Ukizima, umemzika mdogo wangu."

"Haya, na bibi wa watu nilimzika mimi?" Akaondoka akiburuza viatu.

Sasa nikueleze kwa nini kuzima kulimtisha hivyo. Seva ile ilikuwa na watumishi wanne, yaani programu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, na wote wakiandika katika faili moja. Fikiria watoto wanne wanaoandika katika daftari moja. Daftari likijaa, mmoja analichukua, analitupa, anaweka jipya. Wenzake watatu wameinamisha vichwa. Hawajui. Wanaendelea kuandika katika lile lililotupwa. Maneno yao hayaonekani popote, lakini hayajafutika, maana mashine haiwezi kuliangamiza faili ambalo bado kuna mtu amelishika. Akiliachia tu, linatoweka milele. Na ukizima seva, wote wanaachia.

Dada Seva akaiuliza mashine: nani bado ameshika faili lililokwisha kutupwa?

Wengine walikwisha kuliachia, likaja jibu moja. Mtumishi wa tatu.

Akapitia mkononi mwa mtumishi yule, akalifungua faili lisilo na jina. Na hapo akaona alichokuwa akikitafuta.

*Kitanda cha dirishani. Ujumbe haukufika. Najaribu tena.*

*Ujumbe haukufika. Najaribu tena.*

Mdogo wake alikuwa amesema kweli! Mtandao ulikatika, ujumbe haukufika hata mara moja. Akaanza kunakili faili upesi ili aipelekee kamati. Wakati nakala inaendelea, akashuka hadi mwisho wa faili.

Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa dakika ile ile aliyokuwa akisoma.

*Kitanda cha dirishani. Kengele bado imebonyezwa.*

Akajituliza. Mtumishi amekwama tu, alijiambia, anarudiarudia la zamani kama kasuku. Hata hivyo akampigia fundi umeme.

"Ile kengele ya dirishani iko wapi?"

Fundi akacheka. "Niliing'oa siku ile ile, mama. Iko kwenye droo yangu, betri nimeitoa. Vipi, umeiota?"

"Hebu itazame."

Droo ikakwaruza.

"Mbona imebonyea?" Fundi alikuwa ananong'ona sasa. "Niliiweka imeachiwa... Naivuta, haitoki. Imebana kama kuna mtu ame—"

Simu ikakatika. Dada Seva alipopiga tena, haikupokelewa.

Akageukia nakala. Ilikuwa haijaisha. Ilipaswa kuisha kitambo, lakini kila ilipokaribia mwisho, mwisho ulisogea. Mistari ilikuwa ikiongezeka kuliko nakala inavyoweza kukimbia.

*Kengele bado imebonyezwa.*

*Bado imebonyezwa.*

*Bado.*

*Bado.*

*Bado.*

Hakuna aliyeifundisha programu ile kuandika neno moja peke yake. Yeye aliijua programu yote.

Alikatiza, akaanza upya. Ikawa vile vile. Saa ukutani ilikaribia nane. Korido ikaleta mlio wa viatu vinavyoburuzwa, bado mbali. Feni ilikuwa inazunguka, lakini hewa haikusogea. Dada Seva aliweka viganja mezani, akafikiri kama alivyozoea kufikiri. Wito wa mgonjwa haufungwi na ujumbe. Unafungwa na muuguzi akifika. Na kwa bibi yule, hakuna aliyefika.

Akampigia mdogo wake.

"Uko wapi?"

"Kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Wanaanza kuingia."

"Nenda wodini. Pale dirishani."

"Nimekatazwa kukanyaga wodini, Dada. Unataka wanimalize kabisa?"

"Nenda, mdogo wangu. Unaitwa."

"Na nani?"

Dada Seva akarudia tu kwamba aende. Mdogo wake hakuuliza tena. Zikasikika hatua. Mlango. Kikohozi cha mgonjwa. Kisha sauti ndogo:

"Hakuna kitu hapa. Kitanda wamekiondoa. Ni sakafu tu."

"Itika."

"Niitike nini, jamani?"

"Kama ulivyokuwa unamwitikia."

Pumzi. Kisha, polepole:

"Abee, bibi. Nimefika. Nisamehe nimechelewa."

Maandishi yakasimama.

Skrini ilitulia kabisa. Dada Seva hakupepesa macho. Ukatokea mstari mmoja.

*Muuguzi amefika.*

"Dada," mdogo wake akanong'ona.

"Usiondoke kwanza."

"Siwezi kuondoka."

"Unasema?"

"Dada, siwezi."

Viatu vilikuwa vimefika mlangoni. Kitasa kikageuka. Na mstari wa mwisho ukajiandika, taratibu.

*Kengele imeachiwa.*

Upande wa pili wa simu mdogo wake alishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Nakala ikaisha papo hapo. Mtumishi wa tatu akafunga kazi mwenyewe bila kuamrishwa, na faili lisilo na jina likatoweka.

"Haya, tunazima?" aliuliza Zima-Washa.

"Zima tu, Mkuu," alisema Dada Seva. Alikuwa analia.

Kamati ilisoma nakala yote. Iliona "haukufika" zimepangana kama nyayo. Mwenyekiti alipofika mistari miwili ya mwisho, iliyoandikwa mchana wa siku hiyo hiyo, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu muuguzi," aliuliza, "alifika kwa nani?" Wakafunua ukurasa, na msichana akarudishiwa kazi yake.

Dada Seva aliirekebisha seva. Siku hizi mwandishi ni mmoja tu. Watumishi wengine humpa maneno yao, yeye ndiye ayaandikaye, na hakuna mstari uliopotea tena.

Lakini gauni jeupe alilovaa mdogo wake siku ile lina jambo. Kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kitambaa kimekunjamana. Mikunjo minne upande mmoja, mmoja upande wa pili. Wamelifua. Wamelipiga pasi hadi likanukia moto. Mimi mwenyewe nimeliona likianikwa uani, upepo umelijaza, limetanuka lote kama tanga, isipokuwa pale. Pale kitambaa kinabaki kimeshikwa.

Sijui nikuelezeje hilo, wala sitajaribu. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mtu akikuambia aliita, usimwambie hakuita kwa kuwa wewe hukusikia.