Kitanda Kinachozama Kushoto

"Nimesema tuahirishe."

"Tuahirishe nini? Sherehe au mimi?"

Sindano aliibana simu begani. Alikuwa kwenye cherehani, gauni la harusi yake mwenyewe likiwa mapajani, limeshonwa mkono mmoja tu. Zilibaki siku kumi na mbili.

"Jicho, naongea na wewe."

"Mpaka nyumba itulie," sauti ikajibu taratibu, kama ya mtu aliye katikati ya ndoto. "Ikitulia nitakuambia."

Akakata.

Tuseme ukweli, Jicho hakuwa mtu wa mafumbo. Alikuwa seremala, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alikuwa akisimama mlangoni, anafumba jicho moja, anakuambia rafu yako imelala nusu kidole. Na kweli imelala. Pimamaji, kile kifaa chenye kichupa na kiputo cha hewa, alikitoa kumridhisha mteja tu.

Miezi miwili nyuma aliamka asubuhi akakuta dunia inazunguka, akatapika mpaka nyongo. Hospitali wakasema ni sikio la ndani, lile linaloshika mizani ya mwili. Litapona, ila polepole. Akaanza kutembea tena, kwanza kwa kushika ukuta, kisha kwa kumshika Sindano. Usingizi ndio uliogoma kurudi. Na wiki tatu sasa alikuwa amemkataza mchumba wake asije kwake, eti anapumzika.

Kabla Sindano hajafuta machozi, simu ikaita tena. Alikuwa wifi yake, dada mdogo wa Jicho anayeishi naye nyumba moja.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa."

"Mimi si mchonganishi, unanijua."

"Ukianza hivyo najua umekuja na uchonganishi. Sema."

"Kaka halali chumbani kwake. Kila usiku nasikia anafungua karakana, anajifungia. Halafu anaongea kwa sauti ya chini, anabembeleza. 'Tulia mpenzi, tulia kidogo tu.' Asubuhi nikimuuliza anasema nimeota."

"Anambembeleza nani?"

"Ningejua ningekupigia?"

Sindano alitoka vile vile, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na mkasi mkononi. Njia nzima watu walimpisha, naye hakujua ni kwa sababu ya mkasi. Alikuwa anampenda yule mwanamume mpaka anaona aibu, na alikuwa anakwenda kumkata mtu.

Karakana ilikuwa imejaa jua la alasiri. Vumbi la mbao lilielea hewani bila haraka, na harufu ya mbao mbichi ilijaa chumba. Jicho alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, macho wazi lakini hayatazami kitu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayembembeleza usiku!"

Jicho akamwangalia kama anahakikisha ni yeye na si ndoto. Kisha akanyoosha kidole.

"Ni huyo hapo."

Kilikuwa kitanda chao cha harusi, alichokitengeneza Jicho mwenyewe. Sindano alikifahamu, maana siku kilipokamilika kilimfika juu ya goti na alikirukia kwa furaha kama mtoto. Sasa kilikuwa shubiri moja kutoka chini, kimelala kama sinia. Pembeni yake vilikaa vipande vya miguu vilivyokatwa, vyembamba kama vya mkate.

"Jicho, umefanya nini?"

"Kinazama. Nikifumba macho kinazama kushoto, taratibu, kama kuna mtu anainua mkeka upande mmoja ili nimwagike. Ndoto zenyewe ni za kumwagika tu. Basi naamka, napunguza mguu wa kulia. Kinatulia usiku mmoja. Usiku wa pili kinazama kulia."

"Unapunguza wa kushoto."

"Napunguza wa kushoto."

Sindano akavua futi shingoni, akapiga magoti, akapima. Miguu minne, kila mmoja na urefu wake.

"Mimi pindo likipinda, nikifukuza upande mrefu kwa mkasi, mteja anaondoka na kisketi," alisema. "Pimamaji iko wapi?"

"Kabatini."

"Uliiweka hapa hata mara moja?"

"Mimi situmii..."

"Hayo waambie wateja. Nakuuliza mimi."

Jicho akaokota kipande kimoja cha mguu, akakigeuza.

"Niliogopa."

"Uliogopa kiputo?"

"Ikisema kitanda kimenyooka, basi kilichopinda ni mimi. Nani atampa kazi fundi asiyejua kilicho sawa? Na wewe utaishije na mtu anayepigana na kitanda? Nilitaka kwanza nyumba itulie, ndipo uje."

Sindano alitaka kumgombeza, hasira ikakosa pa kushika. Mtu wake alikuwa amepigana peke yake wiki tatu na kitanda cha mbao, kwa ajili yake. Alilia, akacheka, akaenda kabatini.

Pimamaji aliiweka sakafuni kwanza.

"Kiputo kiko wapi?"

"Katikati."

"Na wewe unahisije?"

"Sakafu inainama."

"Haya. Wewe hisi inainama, lakini kiangalie kiputo."

Kisha akaiweka juu ya kitanda. Kiputo kikakimbilia mwisho wa kichupa, kikagoma kurudi.

"Hiki sasa kimepinda kweli," Jicho alisema.

"Fundi wake nani?"

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akacheka.

"Kata miguu yote," Sindano akaamua.

"Kitanda bila miguu?"

"Sakafu haina miguu, na haijamwangusha mtu aliyeilalia."

Walikata pamoja, yeye akishika mbao, Jicho akivuta msumeno na kupumzika kila kizunguzungu kilipomshika. Wakatandika godoro. Sindano akampangia mito ili kichwa kiinuke, akaweka pimamaji sakafuni kando yake, naye akakaa hapo hapo.

"Fumba macho."

"Kinazama, Sindano."

"Kiputo kiko katikati."

"Na sasa?"

"Katikati."

"Na..."

"Katikati, mpenzi. Lala."

Akalala mpaka jua likahama dirisha. Wifi mtu akachungulia, macho yamemtoka.

"Huyo mwanamke yuko wapi?"

"Tumemkata miguu," Sindano akanong'ona. "Nenda kaniletee gauni langu, bado mkono mmoja."

Harusi haikuahirishwa. Bwana harusi aliingia ameng'ang'ania mkono wa bibi harusi, waalikwa wakasema jamani mapenzi, na hawakukosea sana.

Kila usiku Jicho aliuliza gizani, "Kiko wapi?" na Sindano, nusu usingizini, alijibu bila kufungua macho. Daktari alisema sikio linaendelea vizuri. Oda zikarudi, na sasa fundi alitanguliza pimamaji, kisha jicho.

Usiku mmoja Sindano aliamka mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mume wake alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, upande ule ule alioukimbia miezi yote, anakoroma. Sindano akapapasa sakafuni, akaikuta pimamaji, akaisukuma chini ya mto wake bila kukiangalia kiputo.

"Katikati," alimwambia hivyo hivyo, kisha akalala.