Ruhusa ya Mtu Mmoja

Fundi saa aliamka mapema. Alipenda ukungu wa alfajiri, wakati saa zote za ukutani husikika zikisemezana taratibu. Alivaa lenzi jichoni, akachukua wembe, akakata kidonge cha mkewe katikati.

"Nusu kwa nusu! Hata unywele haukuzidi," alijisifu.

Mkewe alicheka. "Ungekuwa daktari wewe, tungepona nusu nusu."

Mke alikuwa na kifafa. Dawa ya boksi la buluu ilimtuliza miaka mingi, kisha bei ikapanda hadi ikawashinda. Fundi aliona heri nusu shari kuliko shari kamili. Maskini, alikosea kwa mapenzi.

Asubuhi hiyo mke alisimama na kikombe, akatabasamu kwa mbali.

"Mume wangu, ukuta unaelea," alisema.

Akaanguka. Fundi alimlaza ubavu, akaondoa vitu vigumu karibu yake, akasubiri mpaka mwili ukatulia. Kisha akaenda duka la dawa na boksi la buluu mkononi.

"Binti yangu, vidonge hivi ninavyomkatia mke wangu nusu nusu vina dhahabu?" alimuuliza mfamasia.

"Hapana, baba. Kuvitengeneza ni rahisi mno. Ila usivikate tena. Nusu dozi haimlindi mama."

"Basi mbona ghali?"

"Mtu akikuuliza saa ngapi, ukamwambia, unapungukiwa na nini?"

"Sipungukiwi."

"Sasa sheria iseme mtu mmoja tu aruhusiwe kutaja saa."

"Mji mzima ungepanga foleni mlangoni kwake!"

"Na saa hazijaisha. Kilichoadimika ni ruhusa. Ruhusa hiyo inaitwa hataza. Waliogundua dawa hii walihangaika, wakapewa hataza. Wengine wakazuiwa kuitengeneza kwa miaka kadhaa. Muuzaji akabaki mmoja, akapanga bei apendavyo."

"Na mke wangu aanguke tukisubiri?" Fundi alikasirika, na alikuwa na haki.

"Hataza ina mwisho, baba. Ya dawa hii iliisha mwaka jana. Viwanda vingi sasa vinaitengeneza kwa bei nafuu. Lakini watu bado wanaomba boksi la buluu. Uliza kwa jina la dawa yenyewe, hili dogo chini ya jina la biashara. Ila muone daktari kwanza. Dawa ya kifafa haibadilishwi kienyeji."

Daktari alikubali. Mke akaanza vidonge vyeupe vya bei nafuu, kimoja kizima kila asubuhi. Miezi ikapita polepole, bila kuanguka.

Tangu ugonjwa umrudie, mke alikuwa akioga mlango wazi, mumewe amesimama karibu. Jumapili moja aliufunga. Fundi alibaki nje, akisikiliza maji yakimwagika na mkewe akiimba. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Bado uko hapo?" mke aliuliza.

"Nipo."

"Nenda kafanye kazi, bwana. Niache nioge."

Akaenda.