Mikono ya Benchi la Nyuma

Alhamisi ile hakuna mtoto aliyelia baada ya mapumziko.

Wanawake walifurahi. Walishuka ngazi za uchochoroni wakifunika nyuso zao, wengine bado wanafuta machozi, wakiambizana kwamba leo wameiona picha mpaka mwisho na kila neno wamelisikia. Kausar peke yake alibaki mlangoni akijipapasa bega. Bega lilikuwa kavu.

Kausar alikuwa mlinzi wa roshani ya wanawake katika Sinema ya Chandni, mjini Kot Sohna, Punjab, mwaka wa sabini na nne. Kazi yake ilikuwa kupokea tiketi, kumulika tochi, na kuhakikisha hakuna mwanamume anayepanda ngazi zile. Lakini kazi kubwa ilikuwa watoto. Tangu jengo lile lijengwe, kabla Pakistan haijazaliwa, mtoto akilia gizani mama yake hakuinuka. Alimpa jirani, jirani akampa wa pili, naye mtoto akapita kutoka paja hadi paja mpaka mwisho wa benchi, upande wa kulia, ambako mlinzi alimpokea na kumtembeza karibu na ngazi. Akinyamaza alirudishwa kwa njia ile ile. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Mwanamke aliyefua na kupika juma zima, akitukanwa na mama mkwe, alipata saa tatu za kukaa kama mtu.

Kausar aliupenda utaratibu huo. Mumewe alikuwa mbali, Karachi, kwenye kiwanda cha nguo, na binti yao Naheed, wa miezi minane, alilelewa nusu na wanawake wa roshani ile. Kila Alhamisi Kausar alirudi nyumbani bega likiwa limelowa udenda wa watoto wa watu.

Leo, tangu mapumziko, hakuna hata mmoja aliyemfikia.

"Bashiran," alimwita mwanamke mnene wa benchi la nyuma, mchangamfu, mama wa watoto sita. "Leo nani kashika watoto?"

"Si yule mama wa ukutani."

"Mama gani?"

"Anayekaa mwisho kabisa, kushoto. Ana mikono baridi, mashallah, na joto lote hili! Mwanangu kamfikia tu, kimya. Wewe ungembembeleza mpaka shujaa azikwe." Bashiran alicheka. "Hata Naheed wako tulimpitishia huko. Alilia ulipokuwa chini unamshika mkono yule mjamzito apande ngazi."

Kausar alicheka pia. Wote walipoondoka, alipanda na tochi. Benchi la nyuma, upande wa kushoto, liligusa ukuta. Hapakuwa na nafasi ya kukaa hata paka. Palikuwa na harufu tu, harufu ya maziwa yaliyochemka yakamwagika jikoni yakaungua.

Alipomnyonyesha Naheed siku ile, mtoto aligeuza uso. Hakulia. Alikuwa ameshiba. Kausar aliinamia kinywa chake kidogo, na harufu ile ikamjia.

Juma lililofuata alisimama mbele ya mabenchi kabla taa hazijazimwa. "Jamani, watoto waje huku kulia, kwangu. Kushoto hakuna mtu."

"Tumesikia, dada."

Taa zikazimwa. Mtoto akaanza kulia, akahama, kilio kikapungua kikielekea kushoto, kikakatika. Kausar akamulika tochi. Wanawake tisa wa benchi la nyuma walikuwa wametazama pazia la sinema, wamekodoa macho, na mtoto alikuwa tayari amerudi kwa mama yake, amelala.

"Nimesema kulia!"

"Si tumekupa wewe?" mmoja alinong'ona. "Umetuvuta mkono mwenyewe."

Naheed alikuwa amefungwa mgongoni mwa Kausar kwa mtandio. Lakini katikati ya wimbo wa pili mgongo ukawa mwepesi, na Kausar alipogeuka mtandio ulikuwa umefunguliwa vizuri, umekunjwa, umewekwa sakafuni kama unavyowekwa na mtu mwenye adabu. Naheed alirudi akipitishwa benchi zima, mkono kwa mkono, shavu lake baridi kama mtungi.

Baada ya hapo mtoto hakunyonya tena ziwa la mama yake. Hakulia kwa njaa wala kwa kubanwa na kitambaa. Alilala amegeukia upande wa sinema, na kila asubuhi Kausar alipomnyanyua alimwona mwepesi kuliko jana. Maziwa yake mwenyewe yalimjaa yakamuuma, akayakamua ukutani huku akilia.

Siku ya Jumanne alimpeleka kwa Bibi Ghulam Fatima, kikongwe mdogo, mkali wa maneno, aliyewasomesha wasichana Kurani uani kwake na kuwasomea dua wagonjwa. Bibi alinusa kinywa cha Naheed. Akavua miwani yake.

"Ananuka ziwa."

"Kwangu hanyonyi, Bibi."

"Najua. Si lako." Aliwaambia wasichana waendelee kusoma kwa sauti, kisha akainama karibu. "Ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu."

"Fikiri vizuri, binti. Hawa wasioonekana hawaingii kati ya watu bila kualikwa."

Kausar alifikiri. Halafu akakumbuka. Siku ile ya kwanza, kabla ya mapumziko, filamu ilikatika. Giza likawa totoro, watoto watatu wakalia kwa pamoja, naye alikuwa amebeba wawili. Alikuwa amechoka. Alipaza sauti: "Yeyote mwenye mikono mitupu, anisaidie jamani!"

"Yeyote," Bibi alirudia. "Ulisema bismillahi?"

"La."

"Ulitaja jina la mtu?"

"La, Bibi."

"Sisi tukimwaga maji ya moto tu tunasema pisheni, mliopo. Wewe umesimama gizani ukawakaribisha. Akaja mwenye mikono mitupu."

"Basi mfukuze! Msomee, umchome!"

"Nimchome nani?" Bibi alimshika kifundo cha mkono. "Amemnyonyesha. Kwa madhehebu yetu funda moja linatosha. Yule sasa ni mama wa kunyonya wa mwanao. Nikimpiga kwa dua nampiga mama, na mtoto ataondoka naye. Mnyonyeshaji hapigwi. Anashukuriwa, anapewa haki yake, naye anamrudisha mtoto. Hata Mtume wetu alinyonyeshwa na mwanamke mwingine, na siku ilipofika akarudishwa kwa mama yake. Mwenye kunyonyesha anajua hilo. Binadamu au si binadamu, anajua."

"Na asipotaka kumrudisha?"

Bibi alimtazama Naheed, aliyekuwa ametulia, macho wazi.

"Asiporudishwa keshokutwa, huyu hatafika Alhamisi nyingine," alisema.

Kwa hiyo Alhamisi ile Kausar alimfunga binti yake katika shela lake la harusi, jekundu, lenye nyuzi za dhahabu, kitu pekee kizuri alichokuwa nacho. Ndani ya mkunjo aliweka kipande cha halua. Bibi Ghulam Fatima alipanda ngazi za sinema kwa mara ya kwanza maishani mwake, akishikilia ukuta.

"Toba!" Bashiran alipiga makofi. "Bibi Mwalimu! Hata wewe? Juma lijalo tutamwona hata shekhe na mto wake wa kukalia!"

"Sogeza paja lako, Bashiran, nikae. Na leo ufanye nitakalokwambia bila kuuliza."

Bashiran alimtazama usoni, akaacha kucheka. Alisogea.

Taa zikazimwa. Chini, wanaume walikaa wakitafuna karanga. Juu, feni zilizunguka zikilalamika. Kausar aliketi mwisho wa benchi la nyuma, kulia, Naheed kifuani. Kati yake na ukuta kulikuwa na wanawake tisa na Bibi katikati yao. Alisubiri mpaka harufu ikaja. Haikuanza pole pole. Ilikuja yote kwa mara moja, kama mtu amefungua mlango wa jiko.

"Sasa," Bibi alinong'ona.

Mikono ya Kausar ilikataa kufunguka.

"Sasa, binti. Ukimng'ang'ania, atamchukua mwenyewe, na akimchukua mwenyewe hana wajibu wa kurudisha."

"Bismillahi," Kausar alisema, na sauti yake haikuvuka meno. "Huyu ni Naheed, binti Kausar. Anakwenda kwa mama yake wa kunyonya. Anarudi kwa mama yake wa kuzaa."

Akamweka mikononi mwa Bashiran. Bashiran alirudia maneno yale yale, akidhani ni nadhiri, akampitisha. Wa pili akarudia. Wa tatu. Kausar alifuata nyuzi za dhahabu za shela zikimetameta paja hadi paja, zikipungua, na kila mwanamke alisema jina la mtoto kwa upole, kama wanavyosema wanawake wakimshika mtoto wa mwenzao, na Kausar akawaza kwamba wote hawa ni watu wema, wote wanamsaidia, na kwa wema huu huu wanampeleka binti yake ukutani, na hakuna aliyekuwa na kosa isipokuwa yeye, aliyechoka siku moja akasema neno moja bila kufikiri. Wa tisa akanyoosha mikono kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mikono yake ikarudi mitupu.

Kwenye pazia likatokea shamba la haradali mchana wa jua, manjano tupu, mwanga ukamwagika mpaka juu kwenye roshani, na Kausar aliona. Aliona mikono miwili mirefu, ya rangi ya majivu, imetoka ukutani kama inavyotoka kwenye mikono ya gauni, haina mabega, haina uso juu yake, na vidole vya mkono mmoja vilikuwa vikimrekebishia Naheed kofia yake ndogo, vikiivuta isimzibe jicho, taratibu, kwa uangalifu, kama yeye mwenyewe alivyoirekebisha asubuhi ile, na jambo hilo lilimtisha kuliko mauti, kwa sababu aliyeshika mtoto namna ile hakuwa na nia ya kumuua, alikuwa na nia ya kumlea. Halafu akasikia, juu ya ngoma na filimbi za wimbo, juu ya feni, juu ya moyo wake, sauti ya mtoto akinyonya.

"Mama wa Naheed wa kunyonya," Bibi Ghulam Fatima alisema, bila kugeuza kichwa, kwa heshima, kama anavyosema mtu na mkwe. "Tumekuita wenyewe, umekuja. Umetusaidia siku ya taabu. Mungu akulipe. Hili shela ni haki yako, na halua ni yako. Mtoto amefikia siku ya kurudi. Mama yake ana maziwa, yanamuuma. Wewe unajua yanavyouma."

Kunyonya kukaendelea.

"Dada," Kausar alisema. Hakupanga kusema. "Dada yangu, nakuomba. Sina mwingine."

Kunyonya kukakoma.

Filamu ikakatika. Giza likaanguka juu ya roshani nzima, wanaume chini wakapiga miluzi na kumtukana fundi wa mtambo, na katika giza lile Kausar alisikia benchi likilia ubao kwa ubao, kitu kizito kikija, kushoto kwenda kulia, na kila mwanamke akivuta pumzi kwa hofu kinapompitia, mmoja akisema Allah, mpaka sauti ya Bashiran, ndogo kama ya msichana, ikanong'ona sikioni mwake: "Mpokee. Mpokee upesi, mzito."

Alimpokea. Alikuwa wa moto. Akalia, kilio kikubwa cha njaa na hasira, na papo hapo watoto wote wa roshani wakaamka wakalia naye, kama waliofunguliwa kamba. Kausar alimpa ziwa gizani, mtoto akalidaka kwa nguvu mpaka likamuuma, na hakuwahi kusikia uchungu mtamu kama ule.

Taa ziliwashwa. Shela halikuwepo. Bashiran alikuwa ameshika mkono wake mwenyewe, ameukodolea macho. Ulikuwa umelowa hadi kiwiko.

"Alikuwa analia," alisema. "Aliyenipa mkononi alikuwa analia."

Kausar hakurudi tena kwenye kazi ile. Watoto wa roshani waliendelea kulia kama watoto, wakapitishwa upande wa kulia, na harufu haikusikika tena. Uani kwake, Bibi Ghulam Fatima alimpima Naheed mikononi, akaridhika. Kisha akasema, bila kumtazama Kausar:

"Amemrudisha, amefanya haki. Lakini ziwa halifutwi, binti. Waliolinyonya ni ndugu mpaka kufa."

"Waliolinyonya? Nani mwingine?"

"Aliyekuwa na maziwa aliyapata kwa kuzaa," Bibi alisema, akaondoka kwenda kuwasikiliza wasichana.

Mwaka ukapita. Naheed alitembea, akanenepa, akawa na meno manane. Asubuhi moja Kausar alikuwa anapika chapati uani, jua limejaa, akampa binti yake moja akae nayo mkekani. Alipogeuka kuchochea moto alimsikia akiichana. Alipotazama tena, Naheed alikuwa ameikata vipande vinne. Kimoja alikishika. Vingine vitatu alikuwa amevipanga kando ya ukuta, kimoja kimoja, kwa mpangilio.

"Za nani hizo, mwanangu?"

Naheed alitazama ukutani. Alijisogeza kidogo pembeni ya mkeka, kama mtoto anayewapisha wenzake wakae.